Shavu la Kushoto

Januarius alijifunza kunyoa kwa wembe wa kukunja kwa sababu hakuna aliyemhitaji tena kushona marobota ya pamba. Anayekuambia alikuwa na kipaji anakudanganya. Ilikuwa mwaka tisini na nne, soko huria limefika Bariadi, wanunuzi binafsi wanakimbizana vijijini, na ghala la chama cha ushirika alikofanya kazi limegeuka makazi ya popo. Mimi, Felisita, niliona yote, maana nilikuwa nauza mitumba jirani na kibanda cha mzee Thomasi, kinyozi aliyekubali kumfundisha.

Thomasi alimwanzishia kwenye ngozi ya ng'ombe. Aliilowesha, akaipaka povu la sabuni ya mche, akamwambia aondoe manyoya bila kuichana ngozi. Januarius aliichana. Baadaye akahamia kwenye miguu yake mwenyewe, na msimu mzima wa palizi alitembea na miguu laini kama ya mtoto mchanga, kila jeraha limepakwa shabu ya kukausha damu. Nilimshauri arudi kwao akalime. Aliendelea kunoa wembe kwenye mkanda kana kwamba hajasikia, na hilo liliniudhi sana.

Alikuwa na haraka. Alitaka kumuoa Nyanjige, binti wa kijiji cha Sola aliyekuja kuuza mchele gulioni, na baba yake binti alishasema hatoi mtoto kwa mtu anayeshinda amekaa. Bila kazi, posa isingepokelewa.

Sheria za Thomasi zilikuwa chache. Fuata ndevu zinakolala. Usishike wembe ukiwa na hasira. Usimnyoe mlevi, kwa sababu anatikisika, na usimnyoe mkwe wako, kwa sababu mkwe hashikwi uso. Hiyo ya mwisho haikuhitaji maelezo. Kwetu baba mkwe unampokea kwa macho chini. Kumshika kidevu na kumgeuza kama unachagua nyanya ni kumvunjia heshima mbele ya watu.

Siku moja Thomasi alikwenda msibani Mwamanyili, akamwachia kibanda. Asubuhi hiyo akapita mzee mmoja, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nami nikaitikia bila kutazama, nimeinamia furushi. Akaketi kwenye kiti. Januarius hakuwahi kufika Sola na hakumjua. Alimpaka povu, akamshika kidevu, akamgeuza, akanyoa shavu la kulia kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake. Nilitafuta kosa nikalikosa. Ndipo nikamtazama mteja vizuri, nikamtambua, maana mitumba yangu niliifikisha hadi Sola. Nilimwita Januarius pembeni nikamwambia yule ni Ngeleja, baba yake Nyanjige.

Alirudi ndani, akakunja wembe, akasimama mbali na kiti.

"Mbona umeacha?" mzee akauliza.

"Siwezi kukushika tena, baba. Nimeambiwa wewe ni nani."

"Nilikuja kuona kama una kazi."

"Ninayo. Ila kwako siwezi."

Mzee alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Nilijitolea kumalizia mimi. Alinitazama, nikarudi kwenye mitumba yangu. Alijifuta povu, akavaa kofia, akapita katikati ya soko na ndevu za upande mmoja, bila haraka, akiitikia salamu za watu. Januarius alikaa kwenye kiti cha wateja akalia. Nilimwonea huruma, nasema wazi, ingawa mimi ndiye niliyemwambia akalime.

Wiki iliyofuata ikaja habari kutoka Sola kwamba alete wazazi wake wazungumze mahari. Ngeleja alikuwa amewakalisha ndugu zake akawaambia kijana anafaa, na asiyeamini amtazame usoni: kazi iko kulia, heshima iko kushoto.

Miaka ikapita. Thomasi alifariki, kibanda kikawa cha Januarius, hata tukahamishiwa mkoa mpya nasi tukiwa palepale. Muda wote huo hakumgusa mkwewe tena. Mzee alinyolewa na wengine, na walimnyoa vibaya. Kisha Ngeleja akapooza upande mmoja, akawa mtu wa kitandani, ndevu zikamfunika. Akaagiza Januarius aje, na aje na wembe.

Nyanjige ndiye aliyeshika beseni, na ndiye aliyenisimulia. Mumewe alipiga magoti mlangoni akasema jambo hilo haliwezekani. Mzee akamjibu kwamba wazee wa ukoo ameshawaambia, na heshima ni yake, anaweza kuisamehe. Basi Januarius akapaka povu. Akamgeuza uso kwa kidole kimoja, akaupeleka wembe kulia, kama alivyozoea kuanza.

Mzee akamzuia kwa mkono uliokuwa mzima.

"Anza kushoto," alisema. "Ndiko ulikobakiza."