Kidonge Kisicho na Mstari

Dada yangu alinibadilishia dawa. Naanzia hapo, maana ndugu zangu wote huanzia kwingine: kwamba mimi kichwa changu ni kibovu.

Kazi yangu ni kushona vifungo katika karakana ya sare. Wenzangu waliniita Bibi Vifungo, wakisema nimekula vifungo vingi kuliko jambazi sugu. Nami nilicheka nao, hadi mwaka ule cherehani ya jirani yangu ilipoanza kusema. Huna-maana, huna-maana, kwa mwendo wa sindano. Siku moja umeme ukakatika, cherehani zote zikanyamaza. Sauti ikaendelea. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ya upole, kama ya mtu anayekutakia mema.

Chakula kilinishinda, usingizi ukanihama. Zahanati waliniambia ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na daktari akaniandikia vidonge. Muuguzi mmoja mwenye utani akanifundisha kwamba sauti ikisema "daima" au "kila mtu", niidai ushahidi, kisha niandike kwenye daftari. Wakati huo sikujua kusoma wala kuandika. Akaniuliza, basi una nini wewe? Nikamwambia vifungo. Tukapatana: kila neno la sauti, kifungo cheusi ndani ya kopo, kila ushahidi wa kulipinga, cheupe.

Wiki ya sita vyeupe vikaanza kushinda. Cherehani ikarudi kuwa cherehani.

Nilikuwa nakaa kwa dada, na dawa alinitunzia yeye kabatini mwake, eti nisije nikasahau. Binti yake alikuwa amechumbiwa. Nilimsikia dada akimwambia shemeji kwamba wakwe wakiona vidonge vya wendawazimu humu ndani, posa itavunjika. Sikulitia moyoni.

Haukupita muda, kichwani mwangu kukaanza mishtuko, kama ya waya wa umeme uliochunika, kila nilipogeuza macho. Kisha sauti ikarudi, safari hii kwenye mto wangu kitandani, karibu na sikio. Ikasema hata dawa imekuchoka. Kopo likajaa vyeusi, nami nikaona sauti ina akili kunishinda. Nilianza kuikubalia kabla haijamaliza kusema.

Asubuhi moja dada akanipa kidonge mkononi kama kawaida. Vidole vyangu vikakigeuza vyenyewe, kama vinavyogeuza kifungo kutafuta tundu. Kilikuwa cheupe, duara, ukubwa uleule. Lakini changu kilikuwa na mstari katikati, mfereji mwembamba wa kuingiza ukucha. Hiki kilikuwa laini.

Sauti ikasema, sasa unamshuku hata dada yako, mtu mbaya we. Nikasimama pale nisijue nimwamini nani, kichwa au vidole. Nikaidai ushahidi. Ikanyamaza. Sijawahi kuogopa kimya kama nilivyokiogopa kile.

Nilikifunga kidonge kwenye ncha ya kitambaa, nikakipeleka zahanati. Muuguzi hakutania.

"Hiki ni cha vitamini, mama. Umevimeza hivi tangu lini?"

Nilipomkabili dada jikoni, tukiwa wawili tu, hakubisha. Alifuta mikono taratibu.

"Umejuaje?" akauliza. "Wewe si hujui kusoma?"

Mbele ya mama yetu na ndugu wengine alisema nilivichanganya mwenyewe. Wote wakanitazama kwa huruma, ile ya kumtazamia mtu aliyekwisha.

Nimehama. Dawa nimeanza upya, na daktari kasema nisubiri tena zile wiki. Posa ilipita salama. Sauti huja bado, ila imebadili maneno. Siku hizi inaniuliza, na kama kweli ulivichanganya mwenyewe? Nikitia mkono koponi, kifungo cheupe cha kujibu hilo sikipati. Anacho dada. Ni maneno mawili, ayaseme mbele ya mama yetu angali hai: nilivibadilisha mimi.

Hajayasema.