Tajiri Aliyenyimwa Chepe

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Katoro alifiwa na mama yake, na kama ilivyo desturi yetu, wanaume tukaenda kuchimba kaburi kwa kupokezana. Mara likaingia gari jeupe. Akashuka bwana mmoja aliyetajirika kwa dhahabu. Siku hizi ana nyumba za kupangisha kule Kalangalala, hana bosi wala saa ya kuamka. Alikuwa amevaa gambuti mpya.

“Nimpokee nani?” akauliza, mkono umeshanyooka kuelekea chepe.

Kijana aliyelishika akalificha mgongoni. “Shikamoo, tajiri. Wewe hapana, utachafuka. Jamani, leteni kiti!”

“Marahaba. Lakini mimi nimechimba mashimo ya dhahabu wewe hujazaliwa.”

“Ndiyo maana tunasema upumzike.”

Kiti kikaja, na soda ya baridi. Akakaa, akainuka, akakaa tena, chupa mkononi haijafunguliwa. Nilipopita karibu akaninong'oneza: “Ndugu yangu, nimepumzika mpaka nimechoka. Sasa hata kuchimba kaburi wananikataza?”

Sikujua nicheke au nimpe pole. Mgongo wangu ulikuwa unawaka, na tangu asubuhi nilikitamani kiti kama kile. Kusema kweli, nimekitamani maisha yangu yote. Nikiwa bado nakitazama, sauti ikatoka shimoni: “Mwandishi, unazubaa nini? Zamu yako, ingia!”

Nikaruka ndani haraka, asije akatokea mtu wa kuniletea kiti.