Nyeusi Ndiyo Moto

Asubuhi ile niliondoka Kasulu bila kujua ninakokwenda. Niliwasha kigari changu nikafuata barabara inayoteremka ziwani, basi. Nilichojua ni kwamba jioni mama angepanda mlimani kule kijijini Kagunga, pale mtandao unaposhika, anipigie. Mara ya mwisho alikuta simu yangu imezimika. Akaanza kuwauliza watu wa boti kama kuna maiti imeokotwa.

Nilipofika Ujiji simu ilikuwa inakata roho, tundu la kuchajia garini limekufa, na umeme umekatika mji mzima. Nikasimama kwa fundi wa pikipiki, maana ndiye aliyekuwa wazi. Akalichomoa tundu lililoungua, akaweka jipya, akaunga nyaya mbili huku akipiga mluzi. Nikachomeka chaja. Ikanuka plastiki, ikafa.

"Umeunga kinyume!"

"Haiwezekani, kaka. Nyeusi ndiyo moto."

"Nani kakwambia?"

"Pikipiki zote. Nyeusi inaleta moto, kijani inaurudisha kwenye bodi."

"Kijani iko wapi hapa?"

Akachungulia. Nyekundu na nyeusi tu. "Waliolitengeneza wameisahau."

"Hili ni gari!"

"Pikipiki hiyo, imeongezewa tu magurudumu."

Wateja wake wakaangua kicheko. Nilitamani kumrushia spana.

Kukosea kwake hakukunikasirisha. Mimi mwenyewe, tangu niache shule, najifunza vitu kwa kuviharibu. Kilichonichoma ni ule mluzi. Testa, kile kibalbu cha kupimia umeme, ilikuwa mfukoni mwake muda wote!

Niliichomoa bila kuomba. Nikabana klipu yake kwenye chuma cha mlango, nikagusa waya mwekundu kwa ncha: kikawaka. Mweusi: kimya. Nikabadilisha nyaya mwenyewe, moto katikati ya tundu, bodi pembeni.

"Haya, nipe chaja."

"Hizo nauza, kaka."

"Na uliyoiua ilikuwa ya kugawa?"

Akatungua moja ukutani, safari hii bila mluzi. Simu ikaanza kula chaji. Sikumwambia asante, na hadi leo sijutii.

Niliendesha nikifoka peke yangu mpaka barabara iliponimwaga Kibirizi, zinakotia nanga boti za Kagunga, mahali ambapo sikuwa nimewahi kulala. Harufu ya dagaa ilikuwa imetangulia. Kulikuwa na gesti karibu na ufuko, mwenyewe mama mmoja mnene.

"Umeme hakuna, mwanangu."

"Ninao wangu, uko garini."

Kabla hajanijibu simu ikaita.

"Uko hai?" mama yangu akauliza.

"Niko hai."

"Mbona unanifokea?"

Nikamweleza nilipo, kisha habari ya waya mweusi, tangu mwanzo, kwa sauti iliyowafanya wabeba mizigo wageuke kuniangalia. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sawa. Ila mimi hizo simu zenu siziamini tena. Kesho nashuka na boti, nikuone kwa macho yangu."

Nikamgeukia mama wa gesti, nikamwomba vyumba viwili.