Punje ya Sifuri

Asubuhi niliondoka Iringa bila mpango, nikapanda gari la kwanza, nikashuka Chimala kwa sababu ya harufu ya pumba za mpunga zikiungua.

Harufu hiyo ilikuwepo jioni ile ya utotoni, kaka yangu alipokuwa akijiandaa kwenda machimboni. Nililia kwamba anakwenda mbali mno. Akachora jedwali kwenye vumbi la uwanja wa kupuria: hasi tatu mpaka tatu, na x katikati ya vijiti viwili vilivyosimama.

“Haya, jaza umbali wa kutoka nyumbani.”

Nikaanza na hasi tatu. Akacheka. “We mtoto! Umewahi kutembea hatua hasi? Hivi vijiti vinakula hasi. Uende kushoto, uende kulia, tatu ni tatu.”

Tukachora grafu kwa punje za mpunga. Zikashuka, zikapanda, kama mabawa ya yangeyange. Pale chini niliacha wazi. Sifuri, nilisema, si kitu.

“Weka punje, mdogo wangu. Mabawa yote yanashikia hapo. Hapo ndipo nitakaporudi.”

Pale Chimala, kwenye gesti nilikofikia, mhudumu alinigeuzia kitabu cha wageni chenye mistari.

“Dada, hapa pa unakotoka umeruka.”

Siku zote mimi huandika mji nilikolala jana. Pumba zikiungua nje, nikaandika hapo jina la kijiji chetu.