Bei ya Kwanza Mpaka Getini

Kabla sijaanza kutunza wagonjwa majumbani nilikuwaga nauza viatu vya mtumba Buguruni. Biashara ile iliniachia tabia mbili. Ya kwanza, nahesabu kila kitu mara mbili, maana kiatu cha kushoto kina mtindo wa kupotea peke yake. Ya pili, nikitaja bei siitaji ili ikubaliwe. Naitaja ili mtu apige kelele, ndipo tuanze kuongea.

Nilipowaambia wenzangu pale sokoni kwamba nimemaliza kozi na nimepata mgonjwa Temeke, walicheka mpaka wateja wakageuka.

"Yaani unaacha viatu ukatawaze wazee?" akaniuliza muuza mikoba wa meza ya pili.

"Viatu vyenyewe nasugua jasho la watu nisiowajua," nikamwambia. "Huyu angalau nitamwamkia."

Mgonjwa alikuwa bibi mmoja aliyeuza kanga maisha yake yote, mpaka kiharusi kilipomshika upande wa kushoto. Ulimi uliburuza kidogo, ila maneno yalikuwa makali vilevile. Binti yake, mtu wa ofisini, alinipokea kwa sharti moja. Mtaalamu wa mazoezi alishasema miguu ya mama inaweza kutembea akishikiliwa, lakini mama mwenyewe hataki hata kuteremka kitandani.

"Sikukuu ya Idi ikimkuta amekaa barazani, kazi ni yako. Ikimkuta kitandani, tutatafuta mtu mwingine."

Halafu akanionyesha vyombo jikoni. Nikavitazama kwa heshima zote, nikamwambia, "Dada, mie nimekuja kwa mama. Hivi havina kiharusi." Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Mwanzo ulikuwa mgumu.

"Shikamoo bibi. Leo tunasimama."

"Marahaba. Simama wewe mwenye miguu."

Nilibembeleza kama tulivyofundishwa darasani. Nikasifia, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Akageukia ukutani. Nikaanza kuiona meza yangu ya Buguruni ikiniita.

Kilichoniokoa ni uji. Asubuhi moja nilimpelekea kikombe kizima, akakitazama, akasema, "Nusu."

Masikio yakanisimama. Sauti ile naijua. Mtu anayekataa haongei hivyo; huyo anaanza bei.

"Robo tatu," nikasema.

"Nusu, na sukari uongeze."

"Robo tatu. Sukari daktari kakataza, nakupa ndimu ya nyongeza."

Akanichungulia kwa jicho moja. "Wewe uliuzaga nini?"

"Viatu, bibi."

"Nilijua tu. Mtu wa darasani hana roho mbaya hivyo." Akanywa robo tatu.

Tangu hapo hakuna kilichopita bila kupatana, isipokuwa dawa. Hizo nilizihesabu mara mbili na yeye akazihesabu mara ya tatu, kwa kutoniamini. Kutembea tulipatana kwa vituo: kochi, meza ya tivii, mlango wa sebuleni. Nikitaka afike kwenye kochi, nataja meza. Anapiga kelele, "Unaniua!" na kunipa ukingo wa kitanda. Mie nabeba pochi yangu, naaga, naelekea mlangoni taratibu, kwa mwendo wa mteja anayesubiri kuitwa. Na yeye, aliyewaita wateja maisha yake yote, hakuweza kujizuia: "Njoo wewe, njoo! Kochi, tumalize."

Namfunga kanga kiunoni, nasimama upande wake dhaifu, nashika pindo la nyuma kwa nguvu, tunakwenda. Kanga anachagua mwenyewe, na fundo langu analisema vibaya kila siku.

Siku ya Idi ikafika tukiwa tumeishia mlango wa sebuleni. Baraza iko nje tu ya mlango ule. Binti yake alikuwa ametoka kwenda kuswali. Nikamvalisha bibi gauni jipya, nikapiga hesabu zangu: nataka baraza, basi nataja geti.

"Bibi, leo mpaka getini."

Nikasubiri niambiwe namuua. Bibi akajitazama kwenye kioo, akaweka mtandio sawa.

"Haya. Twende."

Aliyewahi kuuza kitu anajua: mteja akikubali bei ya kwanza, muuzaji ndiye aliyepigwa.

"Bibi, nilikuwa..."

"Umetaja mwenyewe. Unaikimbia?"

Kutoka barazani kuna ngazi, halafu uwanja wa mchanga. Nikazihesabu ngazi, nikarudia, labda zimepungua. Zilikuwa mbili, zilezile. Nikamwita mpangaji wa uani atufuate na kiti cha plastiki kwa nyuma, nikakaza fundo.

"Kushuka, mguu mgonjwa unatangulia, bibi."

"Mguu huu haujawahi kutangulia popote," akasema. Ukatangulia.

Kwenye mchanga alipumzika kitini, akakataa kupepewa, akainuka tena. Na akafika. Akaliegemea geti la chuma kwa mkono wake mzima, kama mwenye duka aliyechelewa kufungua, na watu waliotoka msikitini wakaanza kusimama mmoja mmoja. "Shikamoo bibi! Idi njema! Kumbe upo!"

"Nilikuwa wapi?" akawajibu.

Bajaji ikasimama mbele yetu. Binti yake akashuka na sufuria la pilau alilopitia kwa shangazi, akaduwaa. "Mama!" Machozi yakamtoka, kisha akanigeukia. "Nilisema barazani!"

"Barazani ni bei ya chini," bibi akamwambia. "Huyu haondoki."

Basi, suala likawa limekwisha. Binti yake akawaambia majirani, "Huyu ndiye mtaalamu wa mama," kwa sauti ambayo ningependa ifike mpaka kwa muuza mikoba. Vyombo vya pilau siku ile aliosha mwenyewe.

Jua lilipoanza kuchoma, bibi akiwa ameshakaa kitini pale getini, nikamshika kiunoni. "Turudi ndani sasa."

Akatulia kwenye kiti chake cha plastiki. "Tulipatana kuja. Kurudi ni mzigo mwingine. Taja bei."

Safari hii nilifikiri kwanza ndipo nikafungua mdomo.