Maji Chini ya Kichanja

Dagaa wabichi wananuka ziwa, na waliokauka wananuka jua. Lakini katikati hapo, jua likiwa limewagusa kwa saa moja hivi, kuna harufu ya tatu ambayo sijui kuipa jina. Mpaka leo harufu hiyo ikinipata popote, hata juzi nikipita sokoni Mirongo, hugeuka nyuma kumtafuta mama.

Nilikuwa na miaka saba, tukiishi karibu na mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nje kidogo ya Nansio, mama alipofariki kwa homa ya siku nne. Nikabaki na Bibi, ambaye miguu ilimvimba na ziwani hafiki. Mama alituachia kitu kimoja cha maana: kichanja, ile meza ndefu ya miti na wavu ambayo dagaa huanikwa juu yake.

Ngoja nikueleze thamani yake. Zamani kila mwanamke alianika peke yake mchangani, na mnunuzi akitafuna punje moja ya mchanga alikataa gunia zima. Ndipo kina mama wakaunda chama, wakakata miti, wakajenga vichanja, wakaanza kuuza kwa sauti moja. Kwa kichanja hicho tulikula, nami nikashonewa sare ya shule. Lakini chama kilikuwa na sheria. Dagaa huvuliwa siku zisizo na mbalamwezi. Siku hizo tunaziita giza. Kichanja kikikaa kitupu giza zima, hupewa mwingine.

Wiki ya mazishi, mwenyekiti wa chama, Mama Sekunda, alikuja kwetu. Alikuwa mama mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuvuka maji, lakini siku hiyo aliongea chinichini.

"Shikamoo mama. Sheria unaijua. Hatuna kichanja cha urithi."

"Marahaba. Kikienda hicho, mwanangu, na sisi tumekwenda," Bibi alijibu, akageukia ukuta.

Giza likaingia. Asubuhi ya kwanza, nikienda shule, nilipitia mwaloni kukiaga kichanja chetu. Kilikuwa kimejaa dagaa, wamelowa, wanang'aa.

Nilijua ni mama. Sikumwambia mtu, maana kitu cha namna hiyo ukikitaja kinakimbia. Kesho yake nikawakuta tena. Dagaa wa Jumatatu walikuwa mabonge mabonge, nikajua mama kaamka na hasira. Wa Jumanne walilala mmoja mmoja, nikajua ameanza kunisamehe. Siku ya mwisho ya homa yake aliniomba maji, nami nikaitika "naam" nikaendelea kucheza rede.

Basi nikawa namwachia maji ya mtungini chini ya kichanja, kwenye kikombe cha bati. Nikitoka shule nakikuta kitupu, kimepinduliwa chini juu.

Miaka ikapita hivyo. Nilikua nikiogopa kujua, kwa hiyo sikuwahi hata mara moja kufika mwaloni mapema. Nilipomaliza darasa la saba, chama kikanikabidhi kichanja, na asubuhi yangu ya kwanza nikasimama kati ya kina mama, ndoo zimejaa.

"We Mama Juma! Unaanika au unawatupia kuku mtama?" mmoja alipiga kelele.

"Niacheni! Jua la Mungu halichagui!"

Wakacheka. Nikatazama kichanja cha Mama Juma. Mabonge mabonge. Upande wa pili, Mama Sekunda alikuwa akiwalaza mmoja mmoja, kama anafunika watoto. Mikono yangu ikagoma.

Mama Sekunda aliona. "Sheria inataka dagaa wawe juu ya kichanja," alisema bila kuniangalia. "Haikuuliza mikono ya nani."

"Na maji?"

"Tuliyanywa. Kila mmoja zamu yake."

Nililia siku ile, nadhani kwa sababu mama alikuwa amekufa kwa mara ya pili. Ilinichukua miaka kuona kwamba mikono ile yote haikunidanganya.

Mwaka huu mwenzetu mmoja ametangulia, kaacha binti wa miaka sita. Jana ilikuwa zamu yangu kumwanikia. Chini ya kichanja nikakuta kiazi cha kuchemsha, kimefungwa kwenye karatasi ya daftari, kimepoa. Sijui mtoto yule anaomba radhi ya nini. Nikachuchumaa, nikakila chote, nikaikunja karatasi vizuri, nikaiwekea jiwe upepo usiichukue.