Bei Tatu za Mechi Moja

Mtu akikwambia upweke ni kukosa watu, mwulize kama amewahi kufanya kazi ghalani Nechells, huko Birmingham. Watu tele! Mselem alipakia maboksi katikati yao kutwa nzima, kila mmoja kaziba masikio kwa vile vidude vya muziki, na jua likatua hakuna aliyemuuliza hata amekula nini. Akitoka hapo hurudi Stechford, nyumba ya vyumba viwili, akawasha taa mwenyewe. Mkewe alisharudi Mombasa zamani, alidai baridi imemshinda, kumbe aliyemshinda ni Mselem. Mwanawe yuko Manchester. Ukimwandikia salamu ndefu ya Kiswahili anakujibu kwa picha ya kidole gumba. Haya, ndiyo malezi hayo.

Ndiyo maana siku aliyomsikia mtu akitukana kwa Kiswahili, "Mavi ya kuku we!", kwenye kituo cha basi cha Soho Road, moyo wake uliruka kwa furaha. Aliyetukana alikuwa mzee wa Kisingasinga, kilemba cha buluu na ndevu nyeupe pe, na basi lilikuwa limemwacha hapo mkono kauinua.

"Pole, mzee wangu," Mselem akamwambia. "Hawa hawana adabu."

Yule mzee akageuka kama aliyeitwa na mamake. Jina lake Balwinder, mzaliwa wa Kisumu. Mwenyewe alikuwa dereva wa mabasi kabla ya kustaafu, kwa hiyo tusi lake lilikuwa la mtu anayeijua kazi. Mkewe alikuwa amefariki, naye alikaa Handsworth peke yake.

Sasa, Balwinder alikuwa na ugonjwa wake mmoja, tenisi, na ndani ya ugonjwa huo mna mwingine, kuitabiri kwa pesa. Hakwenda maduka ya kamari ya mtaani. Alipenda yale masoko ya kwenye simu, ambako watu huuziana utabiri wenyewe kwa wenyewe. Unamnunua mchezaji kwa, tuseme, peni sitini. Akishinda unalipwa pauni nzima, akishindwa umeliwa. Masoko aliyojiunga nayo yalikuwa matatu, na kwa kuwa majina yake ya Kizungu yalimchosha Mselem, akayaita kwa rangi zake: Kijani, Buluu na Chungwa.

Bei ya mchezaji yule yule haikuwa moja kote. Chungwa huuza rahisi, lakini wanakukata ukiingiza pesa na wanakukata ukizitoa. Buluu hawakati kitu, ila watu wao wachache. Kununua utanunua, kuuza ng'o. Kijani wanakata kidogo kwenye faida. Basi kabla ya kila mechi lazima mtu akae alinganishe, na macho ya Balwinder yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Bwana Mselem, wewe soma tu," aliomba. "Kuamua nitaamua mimi."

Astaghfirullah! Mtoto wa Kibokoni ya Mombasa, kamari na yeye wapi na wapi? Lakini alijitafutia njia, kama sote tunavyojitafutia. Yeye hachezi, anasoma, na kusoma si dhambi. Akaweka na sharti: chochote kilichonunuliwa kwa pesa za mchezo kisivuke kizingiti chake. Balwinder hakucheka. Tangu siku hiyo koti lake likawa na kazi mbili, mfuko wa kulia wa pensheni na wa kushoto wa tenisi, na kila akija na vitafunio, chevda au ladu, husimama mlangoni akaupiga ule wa kulia. "Halali, bwana! Kulia!" Ndipo anaingia.

Ikawa kila Jumamosi ni yao. Balwinder anapanda mabasi mawili kutoka Handsworth, anavua koti, anaitoa simu. Mselem anasoma bei, anatoa makato, mwenzake anabishana naye, huyu goti lake bovu, yule akiona kiwanja cha nyasi anaogopa. Kulinganisha kunakwisha upesi, lakini soga haliishi. Watasema nani kafa, nani kaoa tena na uzee ule, na chai itatiwa mara ya pili na ya tatu. Tenisi yenyewe Mselem hakuipenda hata chembe. Mpira unakwenda, unarudi, unakwenda, unarudi, mtu unashikwa na usingizi! Hilo hakumwambia mtu.

Taabu ilianza pale alipolijua jibu. Ukilinganisha mwaka mzima utajifunza hata usipotaka. Kijani ndiyo iliyokuwa bora. Ukishatoa makato yote, mechi baada ya mechi, Kijani iko mbele. Na jibu likiwa moja, kulinganisha kwa nini? Balwinder atafuata nini Stechford? Mselem akaingiwa na hofu, na nisimfiche: aliiogopa Jumamosi tupu kuliko alivyouogopa uongo. Akawa anasema, "Leo Buluu, Balu." Wiki nyingine, "Chungwa wana bei nzuri." Mwenzake akapoteza peni hapa, peni pale, naye huku anamtilia chai kwa mkono ule ule.

Ramadhani ya mwaka 2018 ndiyo iliyomkaba. Ijumaa moja imamu aliwataja wanaopunja vipimo, ole wao, na Mselem akatoka msikitini bila kumsalimu mtu.

Jumamosi baada ya Idi, Balwinder alikuja na habari zake. "Mandeep kapiga simu tena," alisema, yaani binti yake wa Southall, London. "Anataka nihamie kwake, chumba kiko tayari. Nimemwambia nina shughuli Birmingham." Akacheka peke yake. Mselem hakuuliza shughuli gani, maana alikuwa akiyapanga maneno yake mwenyewe.

"Balu, Kijani ndiyo bora," akasema.

"Leo?"

"Kila mechi. Huna haja ya kulinganisha tena. Huna haja hata ya kujisumbua na mabasi mawili, wewe mtu mzima."

Maskini Mselem! Alitaka kutubu, akaona haya, toba ikamtoka kama huruma. Balwinder aliitazama chai yake, akaimaliza, akavaa koti. "Sawa, bwana. Asante kwa yote." Mlangoni Mselem akamwambia, karibu siku yoyote. Kwao Mombasa neno hilo ni mlango wazi. Balwinder aliitikia kwa kichwa, akaenda zake kituoni.

Jumamosi iliyofuata Mselem alikaanga bajia, akangoja, zikapoa. Na ya pili vivyo hivyo. Kaudhika, akajiambia, na haki yake. Simu alikuwa nayo, lakini haya ilimfunga, kwani mtu uliyempunja ukimpigia utamwambia nini? Mashindano makubwa ya tenisi ya London yakaanza. Mselem akajikuta kayafungua masoko yote matatu, anasoma bei kwa sauti jikoni, Kijani hivi, Buluu hivi, na hakuna wa kumbishia. Upweke ulimuuma, wallahi ulimuuma.

Mwisho akapiga.

"Balu, nilikudanganya. Habari ya Kijani niliijua tangu mwaka jana. Niliificha ili uwe unakuja. Nisamehe. Mimi sina mtu hapa, Balu. Sina mtu." Neno hilo hakuwahi kulitamka, hata kwa mkewe.

Upande wa pili zikasikika kelele za watoto kwa mbali.

"Watoto wa nani hao?"

"Wa Mandeep. Niko Southall. Funguo za Handsworth nimekabidhi wiki iliyopita."

"Lakini kwa nini, Balu?"

"Wewe si ulinifukuza? Nikasema, huyu mtu wa dini, amechoka na kamari mezani kwake, ila ana adabu, hawezi kusema toka. Nikajiondoa." Balwinder akavuta pumzi. "Mandeep ananiita tangu mamake afariki. Kila akiniita namkatalia. Shughuli yangu Birmingham wewe ulidhani gani, bwana?"

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Mselem akakaa chini, pale pale kwenye ngazi. Huko Southall mtoto akaita kwa Kiingereza kwamba chakula tayari. "Naja," Balwinder akajibu kwa Kiswahili, na mtoto akauliza, umesema nini, babu? Mselem akaziba mdomo kwa mkono asisikike akilia, ikashindikana.